Mei Mosi ya Kwanza Bila Baba

Kila masika, nguo zinapokataa kukauka hapa kwangu Tabata, huwa kuna siku moja ninapofungua kabati na kupigwa usoni na harufu fulani. Ni harufu ya pamba mpya iliyokaa kwenye unyevu, imechanganyika na mafuta ya cherehani. Wanangu hunikuta nimesimama na shuka mkononi, wakadhani nimesahau nilichokuja kuchukua. Sijasahau. Ninakuwa nimerudi Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, nina umri wa miaka tisa, na sihisi kitu chochote.

Naomba mnielewe hapo. Sisemi nilikuwa na huzuni. Huzuni ni kitu, mtu anaweza kuishika. Mimi nilikuwa na ganzi. Baba alifariki katikati ya mwaka tisini na saba, kwa homa iliyoanza Ijumaa kama mafua na kumaliza kazi yake kabla ya Ijumaa nyingine. Tukamzika Kisutu. Watu walilia, shangazi zangu wakashikiliwa wasianguke, na mimi nikakaa mkekani nikihesabu mistari ya ukili. Bibi mmoja jirani alinitazama akasema, "Mtoto huyu ana moyo wa jiwe." Nilisikia, na hata hilo halikuniuma. Mama naye alilia siku ile ya kwanza tu. Baada ya hapo akanyamaza, akakaa eda yake, na alipotoka eda alitangaza kwamba tunakwenda China kwa Mjomba Shabani.

Mjomba Shabani alikuwa mdogo wake mama. Serikali ilimpeleka kusomea mambo ya reli huko kaskazini kwenye theluji, akamaliza, akapata cheti chake, kisha akashuka kusini akaanza kuuza fulana. Akiulizwa kuhusu reli alikuwa akisema, "Treni haina faida. Fulana inavaliwa hata na asiye na nauli." Wakati ule Waswahili pale Guangzhou walikuwa wachache mno, nadhani wote wangeenea kwenye harusi ndogo na biryani ikabaki. Mtoto wa Kiswahili sikumwona hata mmoja. Nilipopita mtaani wazee waliacha karata zao wakanitazama, na mama muuza mboga alinisugua mkono kwa kidole aone kama rangi itatoka.

Tulipanga chumba orofa ya tatu. Chini yetu kulikuwa na karakana ya kushona ya Bwana Chen, mtu mwembamba aliyekunywa chai kutoka kwenye chupa ya jamu, asubuhi hadi jioni, akiongeza maji juu ya majani yale yale. Mle ndani vyerehani vya umeme vilipangwa kwa safu, na nyuma ya kila kimoja aliketi mwanamke aliyetoka mikoa ya mbali. Mama aliweka oda yake pale, ya fulana za kwenda kuuza Dar. Kiinua mgongo chote cha baba kilikuwa kwenye fulana zile.

Tulifika majuma machache kabla ya mwaka mpya wa Wachina, ule wanaouita sikukuu ya majira ya kuchipua. Sisi watu wa Dar hatuna majira ya kuchipua, tuna kiangazi, masika na vuli, kwa hiyo nilidhani kuna kitu maalumu kitachipua siku hiyo, nikakisubiri dirishani. Kilichotokea ni kwamba mlango wa kila duka ulibandikwa karatasi nyekundu, miche ya machungwa madogo ikawekwa kwenye vizingiti, na watu wakaanza kuondoka. Waliondoka na mablanketi, ndoo, mabegi ya mistari, mmoja na feni begani. Mjomba alinieleza kwamba siku hiyo kila mtu hana budi ale chakula cha usiku na wazazi wake, hata kama wako mwisho wa dunia. Karakana ikanyamaza. Jengo zima likanyamaza. Mama alikaa kitandani akatazama ukuta kwa siku kadhaa, na nilipomletea chai aliipokea akaishika mpaka ikapoa.

Mtu mmoja tu hakuondoka. Aliitwa A-Lan, mshonaji wa cherehani ya pembeni karibu na dirisha. Tiketi za treni zilimalizika kabla hajapata. Alikuwa na uso wa duara na kovu dogo kidoleni ambapo sindano iliwahi kupita. Aliniona ngazini nimekaa peke yangu, akaingia ndani, akatoka na chungwa. Hatukuwa na lugha. Alimenya, akanigawia nusu, tukala. Toka siku hiyo nikawa nashuka kukaa kwake, juu ya marobota ya fulana. Nilijifunza kumwita "ayi", yaani shangazi, kwa sababu wanawake wote pale Mjomba aliniambia niwaite hivyo. Kwa adabu, alisema, kama nyumbani.

Machi ikaja na unyevu wake. Kuta zilitoka jasho, sakafu ikateleza kama imemwagiwa maji ya sabuni, na ukungu wa kijani ukaota kwenye kanga za mama ndani ya sanduku. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa Aprili, nikaona watu wa mtaa wanatoka asubuhi na mafagio, miwa, vikapu vya maua na karatasi za kuchoma. Familia moja ilibeba nguruwe mzima wa kuokwa, mwekundu na anang'aa kama amepakwa rangi ya kucha. Mjomba aliniziba macho kwa kiganja, lakini alichelewa.

"Wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Makaburini. Ndiyo desturi yao kila mwaka majira haya. Wanafagia makaburi ya wazee wao, wanawapelekea chakula, halafu wanakaa hapo hapo wanakula pamoja nao."

Nilipanda juu nikamwuliza mama ni nani anayefagia kaburi la baba. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mvua inafagia," alisema, akaendelea kukunja.

Sasa niwaambie kuhusu baba na Mei Mosi, maana bila hilo hamtaelewa mama alichofanya.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kusokota nyuzi kwenye kiwanda cha nguo. Sikukuu yake kubwa, baada ya Idi mbili na Maulidi, ilikuwa Mei Mosi. Aliipenda kama watoto wanavyopenda Idi. Juma zima kabla yake alikuwa anafua kofia yake na kuvipaka chaki viatu vyake vya raba. Siku yenyewe mvua ya masika ilikuwa lazima inyeshe, na viatu vikarudi rangi ya tope. Alinibeba mabegani, tukafuata lori la kiwanda lililobeba mtambo uliopambwa kwa makuti na vitambaa, huku wafanyakazi juu yake wakijifanya wanasokota. Kila mwaka alitumaini kutajwa mfanyakazi bora. Mwaka mmoja alitajwa kweli, akaitwa mbele ya mgeni rasmi, akapewa zawadi: jozi ya shuka kutoka kiwanda kile kile. Alizitambua nyuzi zake mwenyewe. Alicheka njia nzima ya kurudi, mama akalia kwa kucheka, na shuka hizo tulizilalia mpaka zikatoboka.

Asili ya siku hiyo alinisimulia zaidi ya mara moja. Zamani huko Marekani, alisema, watu walikuwa wanaingia kiwandani kabla jua halijachomoza na kutoka limeshazama, watoto wao wakiwajua kwa sauti tu. Wakaamua siku ya kwanza ya mwezi wa tano waweke zana chini. Walitaka saa nane za kazi, saa nane za kulala, na saa nane ziwe zao. Ikamwagika damu, watu wakanyongwa, na dunia ikaichukua siku ile ikaifanya ya kuwakumbuka. "Kwa hiyo Mei Mosi si siku ya uvivu," alikuwa akisema, kidole juu. "Ni siku ya mfanyakazi kutazamwa uso na watu wake." Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba kabla ya hayo yote, huko Ulaya siku hiyo hiyo ilikuwa ya kuchuma maua na kucheza kuzunguka mlingoti, kuyakaribisha majira ya joto. Baba hakulijua hilo. Angelipenda. Angelisimulia kazini mpaka wamfukuze.

Basi, mwishoni mwa Aprili ile, A-Lan alianza kubadilika. Alikuwa anaimba chinichini. Siku moja alinionyesha vidole vitano, kisha kimoja. "Wu-yi," akasema. Tano, moja. Mwezi wa tano, siku ya kwanza. Kisha akafanya mlio wa treni, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake kuonyesha urefu wa mtoto, akatoa picha kwenye mfuko wa aproni. Kitoto cha kike chenye mashavu mekundu. "Mei," akasema, akigonga picha. Nilidhani amepewa jina la mwezi, nikaona ni jambo la busara. Nilifahamu yote: mtoto wake anakuja siku ya Mei Mosi.

Jioni ya siku ya mwisho ya Aprili, Bwana Chen alisimama katikati ya karakana na chupa yake ya jamu, akazungumza. Vyerehani vikasimama. Alipomaliza, vyerehani vikaanza tena, isipokuwa kimoja. A-Lan aliketi na mikono mapajani, akitazama sindano.

Mama na Mjomba walikuwa wameingia kuangalia mzigo. Mjomba alitafsiri kwa mnong'ono kwamba kesho hakuna mapumziko. Mwenye kontena ameleta habari kwamba linafungwa keshokutwa asubuhi, na fulana za mama bado hazijapindwa.

Nikasema, kama mtu anayesema mvua inanyesha, "Mama, mtoto wake A-Lan anakuja kesho kwa treni."

Mama alinigeukia. "Umejuaje?"

"Ameniambia."

"Shabani, muulize."

"Dada, usiyaingilie. Kila karakana ina mambo yake."

"Nimesema muulize."

Mjomba akaenda. A-Lan alimjibu kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu, bila kuinua macho. Mjomba akarudi amebadilika kidogo usoni.

"Anasema bibi wa mtoto anampeleka kwa mwanawe wa kiume, Shenzhen. Wanapita hapa kesho, wanashuka asubuhi, jioni wanaunganisha. Mtoto alikuwa bado hajajua kutembea alipomwacha."

Mama aliniambia nishike mkoba wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Chen, Mjomba akimfuata nyuma kama kivuli kisichotaka. Bwana Chen hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akajibu, na Mjomba akatafsiri: "Anasema, tarehe ni yenu, si yake. Akimwachia huyu, nani atapinda kazi yake?"

"Mwambie nitapinda mimi."

Mjomba alicheka. "Dada, wewe ndiye mteja. Mteja hashoni."

"Shabani."

Akatafsiri. Bwana Chen alimtazama mama kuanzia kwenye ushungi mpaka kwenye kandambili. Kisha akachukua fulana moja, akaiweka mbele ya cherehani, akamwonyesha kiti. Mama alizoea cherehani ya miguu. Sare za shule za nusu ya mtaa wetu zilipita mikononi mwake. Cherehani ya umeme ilimponyoka kama punda aliyeumwa na nyigu, fulana ikaingia ndani ikajikunja. Wanawake wakafunika midomo. Mama akaing'oa, akarudia. Ya pili ikapinda vizuri. Bwana Chen akaipeleka kwenye taa, akauvuta uzi kwa kucha.

"Xing," akasema. Sawa.

Asubuhi ya Mei Mosi mama aliswali, akafunga kanga juu ya gauni, akashuka. Nilimfuata, nikakaa juu ya marobota yangu. A-Lan alikuwa amevaa blauzi ya maua na amezilaza nywele kwa maji. Alimshika mama mikono yote miwili, akasema maneno mengi, mama akaitikia "Haya, haya, nenda," na A-Lan akakimbia. Wale wengine walishona kama siku zote. Na wao walikuwa na watoto mahali, bila shaka. Hakuna aliyewauliza, wala mama.

Mama alishona bila kuinua kichwa. Pindo baada ya pindo, rundo la kushoto likipungua na la kulia likipanda. Mchana Bwana Chen alinunua soda kwa wote kwa ajili ya sikukuu, na ya mama ikabaki imefunikwa. Nilimtazama mgongo. Nilijua ni siku gani. Nilijua kwamba Dar mvua inanyesha na lori linapita na mtambo juu yake, na mtu mwingine anaushughulikia. Nilijaribu kuliwaza hilo polepole, kama unavyobonyeza jino uone kama linauma. Halikuuma. Nilihisi njaa tu.

Alasiri A-Lan alirudi. Nyuma yake alikuja bibi kizee mwenye kikapu mgongoni, na nyuma ya bibi, ameshikilia suruali yake, kitoto cha kwenye picha. Vyerehani vikapunguza kasi. Wanawake waliita, wakapunga vitambaa. A-Lan alichuchumaa, akamnyooshea mtoto mikono, akasema jambo kwa sauti ya kubembeleza. Bibi naye akamsukuma mtoto kidogo mbele, akimhimiza: sema, sema.

Mtoto akamtazama A-Lan. Kisha kwa adabu zote alizofundishwa, akasema, "Ayi."

Shangazi.

Katika Waswahili waliokuwa pale, Mjomba na mimi ndio tuliolijua neno hilo. Mjomba, aliyekuwa amekuja kuangalia mzigo, aliinamisha uso akajifanya anachunguza lebo. A-Lan alicheka, akampapasa mtoto kichwa, akainuka. Akampa chungwa. Halafu, na hili ninaliona mpaka leo, alifunga aproni yake juu ya blauzi ya maua, akaja akamgonga mama begani, akaashiria kiti. Alitaka mahali pake. Alitaka kushona.

Mama hakuinuka. "Mwanao yule pale," alisema kwa Kiswahili, kana kwamba lugha zote ni moja. A-Lan akaashiria tena kiti, akitabasamu. Mama akazima cherehani. Akasimama, akamshika A-Lan kiwiko, akamrudisha mpaka kwa mtoto, akamketisha chini sakafuni pale pale penye nyuzi na vipande vya kitambaa.

"Kaa," alisema. "Si lazima akupende leo. Wewe kaa naye tu."

Akarudi kwenye kiti. Lakini kabla hajawasha cherehani alisimama kidogo, mkono kwenye swichi, akageuka akanitazama mimi juu ya marobota. Alinitazama kwa muda. Kisha akawasha.

A-Lan alikaa. Mtoto alimenya chungwa, akala yote peke yake bila kumgawia, na maganda akayaweka moja moja kwenye paja la A-Lan, kama unavyoweka vitu mezani. A-Lan hakutikisika, yasije yakaanguka. Jua lilipoanza kushuka bibi aliinua kikapu, wakaondoka kwenda stesheni, wote watatu, mtoto akiwa katikati.

Fulana zilikwisha. Tulipanda juu, mama akapika wali na samaki, tukala. Kisha akaniambia nilete kitana na mafuta, nikae chini katikati ya magoti yake. Tangu msibani hakuna aliyekuwa amenisuka. Nywele zangu zilikuwa zimeshikana kama manyoya ya kondoo. Aligawa fungu la kwanza, akachana. Iliuma. Nikakaza meno. Akachana la pili, na la tatu, na mahali fulani nyuma ya sikio kitana kilikwama na machozi yakanitoka, kwanza ya maumivu, kisha nikakuta hayakatiki.

"Unaniumiza," nikasema.

"Najua."

Hakuacha kuchana. Nililia mpaka kwikwi zikanishika, na yeye alisuka, mstari baada ya mstari, vidole vyake vikinuka mafuta ya cherehani. Hakuniambia ninyamaze. Nilipolala nilikuwa bado nalia kidogo, na kichwa kinawaka moto.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya wema. Mama yangu, mjane wa mfanyakazi, alimpa mfanyakazi mwenzie sikukuu yake kwa heshima ya baba. Niliisimulia hivyo kwa mume wangu, kwa wanangu, hata kazini. Mpaka mwaka mmoja, mama ameshazeeka, tumekaa sebuleni tunatazama maandamano ya Mei Mosi kwenye televisheni, nikamwambia hivyo yeye mwenyewe, kumsifu.

Alitikisa kichwa. "Nani kakwambia? Nilimwonea wivu."

"Wivu wa nini, Mama?"

"Alikuwa na mtu wa kwenda kumpokea stesheni. Nilitaka aondoke upesi nisimwone alivyochana nywele. Na siku yenyewe ile, ningekaa juu chumbani nifanye nini? Nilikuwa naogopa kupumzika."

Kwenye televisheni walikuwa wanapita manesi. Nikamwuliza kitu ambacho sikujua kama nimekibeba muda wote huo.

"Na mimi je? Mimi si nilikuwepo?"

Alinitazama kwa macho yale yale ya siku ile, mkono kwenye swichi.

"Ulikuwepo," alisema. "Tangu msibani ulikuwepo, hukuondoka hata siku moja. Mtu asiyeondoka, mwanangu, hakuna anayekwenda kumpokea. Nilipomwambia yule binti akae na mwanawe, ndipo nikasikia ninachosema."

Akaomba nimwongezee sauti. Nikaongeza.